Sokoine na safari ya chakula: Alipopatia na alipokosea

ALHAMISI ya Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa njiani kwa gari kutoka Dodoma, alikokuwa kwa shughuli za Bunge, akielekea Dar es Salaam. Hakufika. Gari lake lilipata ajali eneo la Dakawa, nje ya mji wa Morogoro, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 45.

Barabara ile ndiyo ambayo leo nyanya za Dumila huingilia Dodoma, na ndiyo ambayo mahindi ya Kibaigwa na zabibu za Hombolo hutokea kwenda Dar es Salaam. Dereva wa Fuso anayepita Dakawa saa nane za usiku, akihesabu saa zilizobaki kabla mzigo wake haujaanza kuvuja maji, huenda hana habari kwamba aliyefia pale aliumiza kichwa kwa swali lilelile: chakula kitoke vipi kilipo kifike kinakotakiwa.

Wengi wanamkumbuka Sokoine kwa jambo moja tu, vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Wapo wanaomtaja kama shujaa, na wapo wafanyabiashara wazee ambao hadi leo wakisikia mwaka 1983 hunyamaza kidogo. Pande zote mbili zina sababu zake. Kwa msomaji mwenye shamba, duka au meza sokoni, maisha ya kiongozi huyu yana somo la kibiashara ambalo halizungumzwi sana.

Kijana wa Monduli

Sokoine alizaliwa mwaka 1938 Monduli, mkoani Arusha, katika jamii ya Wamasai. Alisoma shule Monduli na baadaye Umbwe, mkoani Kilimanjaro, akamaliza mwaka 1958.

Kukulia kwenye jamii ya wafugaji si jambo dogo kwa habari tunayoizungumza. Mfugaji ana maziwa na nyama, lakini nafaka huipata kwa jirani mkulima. Maziwa yaliyokamuliwa asubuhi hayasubiri kesho kutwa. Mnyama aliyekosa mnunuzi leo anaendelea kula majani na kunywa maji kwa gharama ya mwenyewe. Mtoto wa boma hujifunza mapema kwamba chakula ni kitu kinachosafiri, na kwamba ukame ukikaza, bei ya ng'ombe huanguka wakati bei ya mahindi inapanda. Wafugaji wa Kongwa na Chamwino hawahitaji mchumi wa kuwaeleza hayo.

Alijiunga na TANU mwaka 1961. Mwaka 1962 hadi 1963 alikuwa Ujerumani Magharibi akisomea utawala, na aliporudi akapewa kazi ya utendaji katika wilaya ya Masai. Mwaka 1965 alichaguliwa mbunge. Mwaka 1967 akateuliwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi.

Hapo kwenye uchukuzi nitakaa kidogo. Miaka ile nchi ilikuwa imebanwa na suala la usafirishaji kuliko wakati mwingine wowote. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilitafuta njia ya baharini kupitia kwetu, malori yakaanza kupita mfululizo kwenye barabara mbovu kati ya Zambia na bandari ya Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kujenga reli ya TAZARA. Naibu waziri kijana aliona kwamba nchi nzima inaweza kukwama kwa kukosa njia moja. Kwa maoni yangu, elimu ile ilimkaa, ingawa haikuonekana mara moja katika uamuzi wake wa baadaye.

Mwaka 1970 alikuwa Waziri wa Nchi, mwaka 1972 akapewa Ulinzi. Februari 1977 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri Mkuu.

Chakula kilikuwapo, lakini wapi?

Ili kuielewa kazi aliyoikuta, msomaji kijana inabidi aambiwe mambo yalivyokuwa. Mimi mwenyewe nilizaliwa baada ya hapo, haya nimeyasoma darasani na kuyasikia kwa wazee.

Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976. Nafaka ilinunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Rukwa alilipwa sawa na mkulima wa jirani na kinu, na gharama ya lori kutoka Sumbawanga ikabebwa na Serikali. Kwa mkulima wa mbali ilikuwa neema. Kwa hesabu za shirika ilikuwa kidonda, maana mahindi mengi yalizidi kulimwa mbali na walaji, na kila gunia lilihitaji dizeli na matairi ya kigeni ili lifike mjini.

Huku uwanda wa kati, Dodoma na Singida, Serikali ilihimiza mtama na uwele kwa kuwa vinastahimili ukame. Mwishoni mwa miaka ya 1970 NMC ilijikuta na mtama mwingi maghalani usio na wanunuzi mijini, kwa kuwa watu wa mjini walitaka sembe. Mkulima alifanya alichoambiwa, zao likaiva, lakini mbele yake hapakuwa na mlaji.

Kuvusha mahindi kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine bila kibali lilikuwa kosa, isipokuwa kiasi kidogo cha kula nyumbani. Vizuizi vilijaa barabarani. Ni kweli kwamba mboga na matunda havikuwa chini ya NMC. Lakini kabichi haina lori lake. Ilipanda lori lilelile, ikatumia dizeli ileile, ikasimama kwenye kizuizi kilekile huku askari akikagua kama chini yake pana mahindi. Gunia la mahindi likicheleweshwa siku mbili linabaki mahindi. Tenga la nyanya likicheleweshwa siku mbili, mwenye mali anarudi nyumbani na deni.

Bibi yangu aliuza nyanya na mchicha soko la Majengo mjini Dodoma. Alisema miaka ile ya mwanzo wa themanini mzigo ulikuwapo shambani na wateja walikuwapo sokoni, lakini mwenye lori alikuwa amelaza gari kwa sababu ya tairi moja. Tairi moja, wiki tatu.

Wakazi wa Ugogo walikwishaonja jambo la namna hiyo kwa uchungu zaidi. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, lakini njaa ya Mtunya, iliyofuatia Vita vya Kwanza vya Dunia, iliua watu wanaokadiriwa kufikia 30,000. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Treni ilipita katikati ya watu wanaokufa.

Vita ya Kagera ilipoanza Oktoba 1978, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na vifaa kaskazini magharibi. Nchi ilishinda vita mwaka 1979, ikabaki na magari yaliyochakaa na hazina tupu, na bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka huohuo. Kuanzia hapo foleni za unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia zikawa sehemu ya maisha.

Novemba 1980 Sokoine aliondoka kwenye wadhifa huo, nafasi ikashikwa na Cleopa Msuya.

Mwaka wa walanguzi

Februari 1983 Mwalimu akamrudisha. Mwezi uliofuata ikaanza operesheni ambayo jina lake halitenganishwi nayo. Watu kwa mamia walikamatwa nchi nzima wakituhumiwa kuficha bidhaa na kufanya magendo. Bunge likapitisha sheria maalumu ya uhujumu uchumi ya mwaka 1983, iliyoweka baraza lake la kusikiliza kesi nje ya mahakama za kawaida, na iliyogusa hata vitendo vilivyofanyika kabla haijatungwa. Yupo aliyezika sukari ardhini, yupo aliyetupa vitambaa porini usiku.

Wananchi wa kawaida walishangilia, na si haki kuwacheka. Mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri akaambiwa sukari imekwisha, kisha jioni akaiona kwa jirani kwa bei mara kadhaa, ana haki ya kukasirika. Na Sokoine mwenyewe hakuwa na mikono michafu. Hata waliompinga hawakuweza kumnyooshea kidole kwamba alijilimbikizia mali.

Lakini tuitazame operesheni ile kwa jicho la biashara. Bei ya magendo haikuwa uroho peke yake. Ndani yake kulikuwa na dizeli ya kutafuta kwa shida, tairi la kuagiza kwa njia za panya, hongo ya kizuizini, na hatari ya kunyang'anywa mzigo wote. Ukiongeza adhabu bila kuongeza bidhaa, unaongeza hatari, na hatari huingia kwenye bei. Kama mfanyabiashara anaiona haibebeki, anaacha kabisa. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya bidhaa zilizokamatwa kuuzwa na kwisha, maduka mengi yalibaki matupu kuliko mwanzo, kwa sababu waliokuwa wakizileta, wema kwa wabaya, walijificha.

Operesheni haikuweza kumtofautisha vizuri mtu aliyehodhi makontena na mama aliyekuwa na katoni mbili za sabuni. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya nguvukazi, na mijini watu walioonekana hawana kazi rasmi walikusanywa ili wapelekwe kulima. Wamachinga na wauza matunda walijikuta humo. Hawa ndio walikuwa kiungo cha mwisho cha safari ya chakula, wale wanaonunua fungu sokoni na kulifikisha mlangoni kwa mlaji. Ukikata kiungo hicho, embe linaozea kwa jumla huku mtaani halionekani.

Hapo ndipo ninapoona Sokoine alikosea, na nasema hivyo nikiwa nimesoma shahada yangu katika chuo chenye jina lake. Alilitambua tatizo kuwa liko katikati, kati ya shamba na mlaji. Akadhani dawa ni kuwabana watu wa katikati, wakati kilichopungua huko katikati kilikuwa magari, vipuri, mafuta, maghala na ruhusa.

Alipoanza kufungua milango

Hadithi ingeishia hapo isingekuwa na faida kubwa. Kuna upande wa pili ambao magazeti huuruka.

Mwaka huohuo wa 1983 shirika la mabasi la UDA lilikuwa limeshindwa kubeba watu Dar es Salaam. Mabasi madogo ya watu binafsi yalikuwa yakifanya kazi kwa kujificha. Serikali iliyokuwa ikikamata walanguzi ikaamua kuyaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi tano, ambazo mtaani ziliitwa dala, na jina la daladala likabaki hadi leo. Ulikuwa uamuzi wa kukiri kwamba mtu binafsi mwenye gari moja anaweza kutoa huduma ambayo shirika kubwa limeshindwa.

Sera ya Kilimo ya mwaka 1983 nayo ilitoa nafasi kwa wakulima binafsi wakubwa na wadogo kupata ardhi kwa muda mrefu, jambo ambalo miaka michache nyuma lingeitwa usaliti. Sheria ya mwaka 1982 ilikwisharudisha vyama vya ushirika, na kazi ya kuviunda upya ikaendelea katika kipindi chake. Haya yote yalifanyika katika miezi chini ya kumi na minne, kati ya Februari 1983 na ile Alhamisi ya Dakawa.

Nafikiri alikuwa anajifunza. Alianza na rungu, kisha akaanza kuona kwamba rungu halibebi mzigo. Angeishi, huenda tungemkumbuka kwa mambo tofauti.

Mwalimu alitangaza kifo chake kupitia Radio Tanzania, na nchi ikalia kwelikweli. Alizikwa Monduli. Tarehe 1 Julai 1984 kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Sokoine.

Kilichofuata kilikwenda upande alioanza kuuelekea mwishoni. Sheria ya mwaka 1983 iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na sheria ya mwaka 1984 iliyorudisha kesi hizo kwenye mfumo wa mahakama. Mwaka huohuo wa 1984 watu binafsi waliruhusiwa kusafirisha hadi kilo 500 za nafaka kati ya mikoa bila kibali, ruzuku ya sembe ikafutwa, na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Mwaka 1987 kikomo cha kilo kikaondolewa kabisa. Malori madogo yaliyoingia kwa ruhusa ile ndiyo babu wa Fuso na Canter zinazojaa leo soko la Job Ndugai pale Nzuguni.

Barabara ileile

Dodoma ya leo inakula kuliko Dodoma ya 1984. Serikali ilianza kuhamia kwa kasi kuanzia mwaka 2016, mji umepanuka, lakini mvua ni ileile, msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Zabibu zetu tunazo mara mbili kwa mwaka, mtama na alizeti tunavyo, nyama ipo. Ila nyanya, kabichi, viazi na ndizi kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka nje ya mkoa, Iringa, Njombe, Morogoro na kwingineko. Vitunguu tunapakana navyo Singida.

Januari 2014 mafuriko yalikata daraja la barabara ya Morogoro kwenda Dodoma pale Dumila. Machi 2020 daraja la Kiyegeya, Gairo, likabomoka, malori yakasimama pande zote mbili. Reli ya zamani nayo, kwenye bonde la Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe, huharibiwa na maji mara kwa mara, na mwanzoni mwa mwaka 2010 ilikatika kwa miezi. Kilichosaidia mwaka 2020 ni kwamba ilikwishajengwa lami ya Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera, kwa hiyo ilikuwapo njia ya kuzunguka. Ndefu, ghali, lakini ipo. Mfanyabiashara mwenye mkulima wa kumpigia simu Ilula na mwingine Dumila hakufunga meza wiki ile. Aliyetegemea upande mmoja alifunga.

Vizuizi vya vibali vimekwisha, lakini ushuru wa mazao ulichukua nafasi yake kwa miaka mingi. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa ya biashara, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapovuka halmashauri. Anayetoza tani moja ile ya mkulima getini anatoza kisicho halali, na wenye mizigo midogo walijue hilo kabla ya kutoa fedha.

Sasa hesabu ambayo naipenda kuliko zote. Chukua mfano wa matenga kumi ya nyanya uliyonunua Dumila kwa shilingi 30,000 kila moja, na usafiri shilingi 5,000 kwa tenga. Umetoa shilingi 350,000. Matatu yakipondeka njiani, kila tenga katika yale saba yaliyobaki limekugharimu shilingi 50,000 kabla hujaongeza faida. Likipondeka moja tu, gharama yako ni chini ya shilingi 39,000. Tofauti ya shilingi 11,000 kwa kila tenga hailetwi na dalali wala na mlanguzi. Inaletwa na tenga la mbao lililojazwa hadi nyanya za chini zikabeba za juu, na na gari lililoondoka saa sita mchana badala ya jioni. Kreti ya plastiki yenye kina kifupi inagharimu zaidi siku ya kwanza, lakini inarudi na kutumika tena msimu mzima. Wanunuzi watatu wakichangia kreti na lori moja, kila mmoja anapata gari la kuondoka jioni bila kusubiri mzigo wake peke yake ulijaze.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2011 kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani hupotea au kutupwa, na mboga, matunda na mizizi ndivyo vinavyoongoza. Kwa nchi kama yetu, sehemu kubwa hupotea kabla ya kumfikia mlaji, kulekule katikati alikokuwa akikuangalia Sokoine.

Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa saa chache tu. Nyanya bado zinakuja kwa Fuso, zikipita Dakawa usiku.